Gari linamisi baada ya servisi ya nyumbani: anza pale mkono ulipopita

Gari lilikuwa zima. Ukaamua kulifanyia servisi mwenyewe uani: umebadilisha plagi, umetoa eaklina (chujio la hewa) iliyojaa vumbi ukaweka mpya, umepulizia dawa ya kusafishia pale hewa inapoingilia, umefuta mafuta yaliyoganda juu ya injini. Unawasha, injini inatikisika. Mlio wa ekzosi unarukaruka, ukikanyaga mafuta gari linasitasita, na kwenye dashibodi imewaka ile taa ya njano ya injini. Linamisi.

Hapo ndipo fedha za watu huanza kupotea. Mmoja atakwambia koili zote, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, zimekufa, mwingine atasema ni pampu ya mafuta, wa tatu atakuonea huruma na kukutajia kompyuta ya injini. Inaniuma kuona mtu ananunua koili nne za kubahatisha wakati gari lake lina tatizo la bure kabisa. Gari lililoingia kwenye kazi likiwa zima na kutoka likimisi limekwisha kukuonyesha pa kutafuta. Karibu kila mara hitilafu ipo kwenye kitu ulichokigusa, au kitu ulichokisogeza ili ukifikie hicho ulichotaka kukigusa. Kabla ya kununua chochote, rudia njia ile ile mkono ulipopita.

Tuchukue injini ambayo wengi wetu tunaifahamu, 1NZ-FE ya Toyota, ya cc 1,497, iliyomo kwenye IST, Probox, Fielder na Premio za 1.5. Ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi moja kwa moja. Silinda namba 1 ni ile ya upande wa mikanda, namba 4 ipo upande wa giaboksi, na zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenkishafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Injini ikiwa sailensi, yaani imewashwa bila kukanyagwa mafuta, huzunguka kiasi cha mara 800 kwa dakika au pungufu kidogo. Kwa hiyo kila silinda inatakiwa iwake karibu mara 400 kwa dakika. Injini inapomisi, silinda moja au zaidi inakosa baadhi ya mara hizo, au inazikosa zote.

Ili silinda iwake inahitaji mambo matatu: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli (kwa uzito, sehemu 14.7 hivi za hewa kwa sehemu 1 ya petroli), na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Sasa jiulize kwenye kazi yako ya nyumbani uligusa nini kati ya hayo. Plagi na koili ni cheche. Eaklina na mipira ya hewa ni mchanganyiko. Mgandamizo kwa kawaida hukuugusa kabisa, maana ungelazimika kufungua injini yenyewe. Tayari umeondoa theluthi moja ya mashaka hujashika hata spana.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Taa ya injini ikiwa imewaka tu, una nafasi ya kuchunguza taratibu. Ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, zima injini. Kompyuta inakwambia kwamba silinda zinakosa kwa kiwango cha kuharibu masega ya ekzosi, kile kifaa cha kusafisha moshi. Petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda inakwenda kuungua ndani ya masega, yanapata joto kupita kiasi na yanaweza kuyeyuka na kuziba njia. Hata kama gari lako masega yake yalishang'olewa zamani, petroli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kwa hiyo usiendeshe gari linalomisi sana kwenda kutafuta spea.

Wengi wakiona taa hiyo hukimbilia kuchomoa betri. Subiri kwanza. Ukichomoa betri unafuta kumbukumbu za hitilafu, na kumbukumbu hizo ndizo zinazokuonyesha silinda ya kuanza nayo. Kompyuta haioni moto ndani ya silinda, ila inasikiliza sensa ya krenkishafti. Kila silinda ikiwaka, krenkishafti inasukumwa na kuongeza kasi kidogo sana. Zamu ya silinda fulani ikifika na msukumo usitokee, kasi inadondoka. Kwa kuwa kompyuta inajua ni zamu ya nani, inaandika namba: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, mpaka P0304. P0300 ina maana kwamba kukosa kunahamahama, hakuna silinda moja ya kuinyooshea kidole. Njia hii ya kupima ina udhaifu wake pia: barabara yenye makorongo hutikisa magurudumu, mtikisiko ukapanda hadi kwenye krenkishafti, na kompyuta inaweza kudhani silinda imekosa. Ndiyo maana namba iliyotokea ukiwa kwenye barabara mbovu haina uzito sawa na ile iliyotokea gari likiwa limesimama uani.

Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vya kusoma namba hizi, vinavyounganishwa na simu, husaidia sana, ila magari mengi ya miaka ya mwanzo ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaongei navyo ingawa soketi ya kuchomekea inafanana. Kisiposoma, usidhani kompyuta ya gari imeungua. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma magari ya Kijapani, au tumia masikio kama nitakavyoeleza.

Mtuhumiwa wa kwanza ni soketi ya waya ya koili. Juu ya kila koili kuna soketi ya plastiki yenye waya nne na kilimi kidogo cha kubana. Plastiki hiyo imekaa juu ya injini ya moto miaka kumi na tano au ishirini, imekauka na kuwa kama kaukau. Ukiibonyeza ili uchomoe, kilimi kinavunjika, mara nyingi bila wewe kusikia. Ukirudisha, soketi inaingia na inaonekana imekaa, lakini hakuna kinachoishika. Injini ikitikisika kidogo tu, inarudi nyuma milimita moja au mbili na silinda inakufa. Kwa hiyo usiiangalie tu kwa macho. Zima injini, shika kila soketi, isukume mpaka mwisho usikie "tak", kisha ivute taratibu bila kubonyeza kilimi. Ikitoka, umeshapata hitilafu yako. Angalia pia ndani yake: pini iliyopinda au waya ulionyofoka nyuma ya soketi huleta shida ile ile. Soketi yenye kilimi kilichovunjika inaweza kubanwa kwa kamba ya plastiki kwa muda, lakini tafuta soketi nyingine mapema.

Koili yenyewe imefungwa kwa bolti moja ya spana namba 10. Kama uliisahau au uliikaza nusu, koili hupanda na mpira wake haukai sawasawa juu ya plagi. Mpira huo nao hupasuka wakati wa kuchomoa, hasa ukivuta kwa nguvu bila kuzungusha kwanza. Koili inatoa umeme wa volti zaidi ya 20,000, na umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia fupi. Mpira ukiwa na ufa, cheche inapita kwenye ufa na kupiga ukuta wa chuma pembeni, haifiki ndani ya silinda. Chukua tochi na uangalie ndani ya mpira na juu ya kauri ya plagi. Ukiona mstari mwembamba mweusi kama umechorwa kwa penseli, umeme umekuwa ukitorokea hapo. Mstari huo haufutiki ukaisha, kwa sababu kaboni iliyoungua imekuwa njia ya kudumu. Badilisha kile kilichochorwa.

Kisha plagi. Kwa injini hii nafasi kati ya ncha mbili ni milimita 1.1, na ndiyo maana plagi nyingi zake zina namba inayoishia na 11. Plagi ikidondoka kwenye sakafu, ncha ya chini hujikunja na nafasi inafungwa, au kauri inapata ufa usioonekana. Plagi iliyodondoka usiifunge. Mafundi wengine hugongagonga ncha ili "waifungue" kidogo bila kipimo. Nafasi ikizidi, koili inalazimika kutoa umeme mwingi zaidi, na koili ya zamani itashindwa. Na kuna plagi za bandia. Zimejaa kwenye maduka ya spea kuanzia Kariakoo hadi Kirinyaga Road, zikiwa na majina makubwa kwenye boksi. Kabla ya kuifunga, angalia kama ncha ya katikati imekaa katikati kweli, kama maandishi kwenye kauri yanafutika kwa kidole, na kama pete ya chini inachomoka kirahisi. Kama plagi zako za zamani hazikuwa zimeisha, zitunze. Ni kipimo kizuri kuliko mashine nyingi: gari likimisi na mpya na kutulia na zile za zamani, umeshajua.

Jinsi ulivyoikaza nayo ni muhimu. Plagi ianze kuzungushwa kwa vidole ndani ya spana ya plagi, bila mpini, mpaka ikae. Ikigoma mapema, itoe uanze upya. Silinda hedi ni ya aluminiamu na meno yake yanaharibika upesi. Plagi mpya yenye pete ya kukunjika ikishakaa, inahitaji nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Ikiachwa legelege, mgandamizo unapumua pembeni na plagi inapata joto kupita kiasi, kwa sababu joto lake hutokea kupitia meno hayo.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hakigharimu kitu na hakidanganyi. Tuseme namba iliyosomwa ni P0302. Zima injini. Chukua koili ya silinda ya pili ipeleke ya tatu, ya tatu ilete ya pili. Usibadilishe kitu kingine chochote. Futa namba, washa, subiri. Ikija P0303, koili ndiyo mbaya, nawe unanunua koili moja tu. Ikibaki P0302, koili haina kosa; hamisha sasa plagi kwa namna ile ile. Hitilafu ikihama na plagi, plagi ndiyo mbaya. Ikibaki pale pale hata baada ya plagi kuhama, usiilaumu cheche haraka. Angalia soketi na waya wa silinda hiyo, halafu nozeli inayopulizia petroli, na mwisho kabisa mgandamizo. Sharti ni moja: hamisha kitu kimoja kwa wakati. Ukihamisha koili na plagi pamoja na gari likatulia, hujajifunza kitu, na kesho likirudia utaanza sifuri.

Huna mashine? Zima injini, chomoa soketi ya nozeli ya silinda moja, washa, sikiliza sekunde chache, zima, rudisha, nenda ya pili. Silinda nzima ikikatwa mafuta, injini inazidi kutetemeka na mzunguko unashuka. Silinda iliyokwisha kufa ukiikata, hakuna kinachobadilika. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Ninasema nozeli na si koili makusudi. Ukichomoa koili injini ikiwa inanguruma, petroli mbichi inaendelea kumwagwa kwenye ekzosi, na unaweza kupigwa na umeme huo wa maelfu ya volti. Kama kwenye gari lako nozeli hazifikiki bila kufungua vitu vingine, fanya kwa soketi za koili, lakini kila mara uchomoe injini ikiwa imezimwa, na usiiache ingurume muda mrefu.

Ukiitoa plagi ya silinda iliyokufa, isome. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yalifika ila hayakuwaka: rudi kwenye cheche. Ikiwa kavu na safi huku nyingine zina rangi ya kahawia hafifu, petroli haikufika: nozeli au soketi yake. Ikiwa imelowa oili kwenye meno na kauri ya juu huku ncha ni kavu, oili imetoka nje, kwenye shimo la plagi.

Shimo hilo linahitaji maneno yake. Plagi za injini hizi zimezama ndani ya mashimo marefu kwenye tepeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini. Sili zikichoka, oili hujaa shimoni taratibu, na inaweza kukaa humo muda mrefu bila kelele hadi siku unapochomoa koili, ukaipaka oili mpira wote na kuirudisha. Oili inalainisha mpira na umeme unapata njia. Kausha shimo kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, safisha mpira, na upange kubadilisha sili za tepeti kava. Vumbi na mchanga navyo vimo: ukifungua plagi kabla ya kupiga upepo shimoni, uchafu wote unadondoka ndani ya silinda.

Halafu kuna maji. Watu wengi wakimaliza servisi hupeleka gari kuosha, na kijana anafungua boneti na kupiga injini kwa mashine ya presha. Injini inametameta, na baada ya dakika kumi gari linamisi. Maji yameingia kwenye mashimo ya plagi au kwenye soketi. Hapo usinunue chochote. Chomoa koili zote, piga upepo au fyonza kwa kitambaa, anika koili juani, kausha soketi, rudisha. Kama gari limepita kwenye maji ya kuoshea kati ya servisi na hitilafu, anza hapa kabla ya kitu kingine chochote.

Tukija kwenye hewa, dalili hubadilika, na hapa kuna tofauti inayoweza kukuokolea siku nzima. Hitilafu ya cheche huonekana zaidi gari likibeba mzigo: unapanda mlima Kitonga umejaza watu, unakanyaga mafuta, gari linaruka. Hewa inapogandamizwa zaidi ndani ya silinda, cheche inapata shida zaidi kuruka, kwa hiyo koili au plagi dhaifu inayojikokota barabarani tambarare inakata tamaa mlimani. Hewa inayovuja hufanya kinyume: gari linatetemeka sana likiwa sailensi na kutulia ukikanyaga. Sensa ya hewa, iliyopo kwenye boksi la eaklina au kwenye mpira unaotoka hapo, inapima hewa inayopita ili kompyuta itoe petroli ya kutosha. Hewa inayoingia baada ya sensa haikupimwa. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hata tundu dogo ni sehemu kubwa ya hewa yote, na mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu. Ukikanyaga, tundu lile lile linakuwa si kitu. Mashine ikisoma P0171 (petroli pungufu) pamoja na P0300, elekeza macho kwenye mipira.

Kwenye baadhi ya magari haya boksi la eaklina limekaa juu ya injini, na huwezi kufikia koili bila kulisogeza. Hapo ndipo mpira mwembamba wa kupumulia wa tepeti kava unaposahaulika, klipu ya mpira mkubwa inapobaki legelege, au kifuniko cha boksi kinapokaa upande kwa sababu eaklina haikuingia kwenye mfereji wake. Fuata kila mpira kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpira mkavu hupasuka chini, upande usiouona. Chukua kipande cha bomba la plastiki, upande mmoja sikioni, mwingine upitishe karibu na maungio injini ikinguruma, mbali na feni na mikanda. Mvujo unatoa sauti ya kuvuta pumzi. Wengine hupulizia dawa yenye kuwaka kusikia kama mlio utabadilika. Sipendekezi kwa mtu wa nyumbani, kwa kuwa unapulizia kitu cha kuungua karibu na ekzosi ya moto. Na soketi ya sensa ya hewa yenyewe ikisahaulika, gari huwaka na kuzimika au linakwenda bila nguvu kabisa.

Magari ya zamani yenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, na waya za plagi yana kosa lao maalumu: waya mbili kubadilishana nafasi. Injini inatetemeka vibaya na mara nyingine inapiga mlio mkubwa kupitia ekzosi au njia ya hewa. Fuata mpangilio wa kuwaka wa injini yako kuanzia silinda namba 1, kwa upande distribyuta inakozungukia. Dakika tano, kazi imekwisha.

Na si kila kutetemeka ni kumisi. Ukisafisha njia ya hewa au ukichomoa betri, kompyuta inapoteza vipimo ilivyokuwa imejifunza vya kushikilia sailensi, na mzunguko unaweza kuyumba, kupanda juu sana au kuzimika kwenye taa za barabarani. Lakini mtetemo huo ni wa injini nzima kupanda na kushuka, si wa silinda moja inayoruka, na kwa kawaida hutulia gari likiendeshwa kidogo. Usianze kuhamisha koili kwa ajili ya hilo.

Ikiwa umepita kote huko na silinda ile ile bado imekufa, hapo ndipo pa kumwita fundi mwenye kipimo cha mgandamizo. Mwambie kwa mpangilio: ulibadilisha nini, namba gani ilisomwa kabla ya kufuta chochote, ulihamisha kipi kwenda wapi na namba ikabaki wapi. Mwonyeshe plagi ya silinda hiyo kama ilivyotoka, bila kuisafisha. Akitaka kubadilisha kitu ambacho tayari umekihamisha na hitilafu haikuhama nacho, mwombe akueleze sababu kabla hajafungua pakiti.

Gari likishatulia, futa namba, liendeshe mpaka injini ipate joto kamili, upande mlima mmoja, kisha lisomwe tena. Siku inayofuata injini ikiwa baridi, fungua boneti uvute kila soketi taratibu kwa mara nyingine, kwa sababu ile yenye kilimi kilichovunjika haikawii kuchomoka tena.